Serikali hulipa paa la ukumbi, bili ya umeme ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu

UKIFIKA Ijumaa jioni katika mji mdogo wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa jimboni Wisconsin, Marekani, ni rahisi kukuta magari yamejaa mbele ya jengo la chini lenye bendera mlangoni. Ndani watu wanakula samaki wa kukaanga, watoto wanakimbizana kati ya meza, na nyuma ya kaunta amesimama mzee wa miaka 70 na zaidi aliyepigana vita ya Vietnam. Jengo hilo si mgahawa. Ni ukumbi wa chama cha askari wa zamani, na sahani zile za samaki ndizo zinazolipia umeme, maji na bima.

Sasa tazama juu. Kumbi nyingi za aina hii zilijengwa miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia kumalizika mwaka 1945. Paa limechoka, mtambo wa kupasha joto ni wa enzi za ujana wa mzee yule, na mlangoni kuna ngazi ambazo mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuzipanda bila kubebwa. Wanachama waliozijenga ngazi hizo walikuwa vijana wa miaka 25. Waliobaki leo ni wazee, na ngazi ni zile zile.

Kutengeneza paa, ngazi na mtambo kwa pamoja ni gharama ambayo samaki wa Ijumaa hawawezi kuibeba. Hapo ndipo serikali inapoingia na ruzuku. Makala haya yanaangalia ruzuku hizo zinavyofanya kazi, zinataka nini na zinaacha nini bila kulipiwa, kwa sababu hesabu iliyomo ndani yake inamhusu kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya chama chochote.

Chama na jengo lake

Vyama viwili vikubwa vya askari wa zamani nchini Marekani ni vya zamani. Veterans of Foreign Wars, maarufu kama VFW, kina chimbuko lake mwaka 1899, baada ya vita kati ya Marekani na Hispania. American Legion kiliasisiwa mjini Paris mwezi Machi 1919 na askari waliokuwa wakisubiri kurudi nyumbani baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Bunge la Marekani likakipa hati mwaka huo huo.

Vyama hivi vimegawanyika katika matawi. Mara nyingi tawi ndilo lenye jengo, ndilo lenye akaunti ya benki, na ndilo linalotafuta fedha za kuezeka. Makao makuu hayaezeki ukumbi wa kijijini. Hilo ni jambo la kwanza la kuelewa: anayeomba ruzuku si shirika kubwa lenye wanasheria na wahasibu, bali ni kamati ya watu wachache wanaojitolea, na mara nyingi mhazini wake ni mkulima aliyestaafu.

Kwa upande wa kodi, matawi mengi yamesajiliwa chini ya kifungu cha 501(c)(19) cha sheria ya mapato ya Marekani, kifungu kilichotengwa kwa ajili ya vyama vya askari. Sharti lake kubwa ni kwamba angalau asilimia 75 ya wanachama wawe watu waliolitumikia au wanaolitumikia jeshi la nchi hiyo. Chama cha namna hii hakitozwi kodi ya mapato kwa shughuli zinazotokana na lengo lake, ila hakiruhusiwi kugawana faida. Fedha ikibaki, inabaki ndani ya chama.

Ni muhimu kuelewa kwamba kutokugawana faida si sawa na kutokufanya biashara. Ukumbi wa askari wa zamani ni biashara ndogo kamili: una jiko, baa, mchezo wa bingo na kukodisha ukumbi kwa harusi, misiba na mikutano. Mauzo kwa watu wasio wanachama yanaweza hata kutozwa kodi, hivyo mhazini mwangalifu huweka vitabu viwili: cha wanachama na cha umma.

Kwa nini serikali ilipe?

Swali la haki ni hili: kwa nini fedha za walipa kodi ziezeke klabu ya watu wanaokunywa bia pamoja?

Jibu linapatikana kwenye chumba kidogo kilicho nyuma ya ukumbi. Katika matawi mengi humo ndimo huketi afisa huduma, mtu aliyeidhinishwa na Wizara ya Masuala ya Maveterani kuwasaidia askari wa zamani kujaza madai ya mafao na matibabu. Afisa wa chama hatozi malipo kwa kazi hiyo. Kwa mzee anayeishi shambani, kilomita nyingi kutoka ofisi ya serikali iliyo karibu naye, chumba hicho ndiyo serikali anayoiona.

Umuhimu wake uliongezeka Agosti 2022, sheria inayojulikana kama PACT ilipotiwa saini. Sheria hiyo ilipanua mafao kwa askari waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika nchi kama Iraq na Afghanistan, na kwa waliokumbwa na dawa ya kuua majani ya Agent Orange wakati wa vita ya Vietnam. Maana yake ni kwamba wazee waliowahi kunyimwa mafao walipata nafasi ya kurudi na kudai upya. Mtu mwenye mapafu mabovu akishindwa kupanda ngazi za ukumbi, haki aliyopewa na sheria inakwama mlangoni.

Vilevile wanachama wa matawi haya hujitolea kwenye mazishi. Tangu mwaka 2000 sheria inataka kila askari wa zamani mwenye sifa azikwe kwa heshima za kijeshi familia yake ikiomba, pakiwepo askari wasiopungua wawili, bendera ikunjwe na kukabidhiwa kwa familia, na tarumbeta ilie. Jeshi halina watu wa kutosha kujaza gwaride kwenye kila kaburi la kila kijiji. Wazee wa tawi ndio huongeza idadi hiyo, kisha familia hurudi kula chakula katika ukumbi ule ule.

Kwa hiyo serikali hailipii bia. Inalipia mlango wa huduma ambao yenyewe ingelazimika kuujenga kwa gharama kubwa zaidi. Pamoja na hayo, jinsi inavyolipa ndiyo inayoamua ni ukumbi upi utakaosimama na upi utakaouzwa.

Milango mitatu ya fedha

Hakuna mfuko mmoja kwa kazi hii. Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una funguo zake. Tutazame mitatu.

Mlango wa kwanza ni wa makazi. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya huduma kwa askari wa zamani wasio na makazi, ambayo ilizaa mpango wa ruzuku unaosimamiwa na Wizara ya Masuala ya Maveterani. Kwa utaratibu wake wa kawaida, asasi isiyolenga faida inaweza kupewa hadi asilimia 65 ya gharama za kujenga, kununua au kukarabati jengo la kuwahifadhi askari hao kwa muda, na asilimia 35 iliyobaki inatoka kwa asasi yenyewe. Baada ya jengo kukamilika, wizara hulipa kiasi fulani kwa kila mtu kwa kila siku anayolala hapo.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za mpango huu imekwenda kwenye malipo hayo ya siku, si kwenye ujenzi. Janga la UVIKO-19 lilionyesha hatari ya mabweni yenye vitanda vingi, na mwaka 2021 wizara ikatoa tena ruzuku za ujenzi ili mabweni yabadilishwe kuwa vyumba vya mtu mmoja mmoja. Msomaji aangalie sharti hili: jengo likiacha kutumika kwa kazi iliyolipiwa kabla ya muda uliowekwa, ambao ni kati ya miaka 7 na 20 kulingana na ukubwa wa ruzuku, serikali inaweza kudai sehemu ya fedha zake.

Mlango wa pili huenda ukamshangaza msomaji wa kurasa hizi: ni Wizara ya Kilimo. Wizara hiyo ina mpango wa majengo ya huduma za jamii vijijini, unaotoa mikopo na ruzuku kwa serikali za mitaa, makabila ya Wahindi Wekundu na asasi zisizolenga faida. Fedha hizo hujenga zahanati, vituo vya zimamoto, vituo vya kulelea watoto na kumbi za jamii katika maeneo yenye watu wasiozidi 20,000.

Mpango huu haukutengwa kwa ajili ya askari. Tawi la askari wa zamani linaingia hapo kama asasi nyingine yoyote ya kijiji, endapo litathibitisha kwamba ukumbi wake unahudumia umma na una uungwaji mkono wa wakazi. Jengo la starehe za wanachama pekee halina nafasi.

Kiwango cha ruzuku hupangwa kwa ngazi kulingana na idadi ya watu na kipato cha eneo. Mji wenye watu wasiozidi 5,000 ambao kipato chake cha kaya kiko chini ya asilimia 60 ya kipato cha kati cha vijijini katika jimbo unaweza kufikia ruzuku ya asilimia 75 ya gharama. Wenye watu wasiozidi 12,000 na kipato chini ya asilimia 70 unaweza kufikia asilimia 55. Wenye watu hadi 20,000 unaweza kufikia asilimia 35 au 15, kadiri kipato kinavyopanda. Sehemu iliyobaki inaweza kuwa mkopo wa wizara hiyo hiyo, unaoweza kulipwa kwa muda wa hadi miaka 40, ila usizidi uhai wa kitu kilichojengwa.

Mlango wa tatu ni wa majimbo. Katika miaka ya 2020 jimbo la New York lilianzisha mpango mahususi wa ruzuku za majengo kwa asasi za maveterani zisizolenga faida, zikiwa kati ya dola 25,000 na dola 75,000 kwa mradi. Huu ndio mlango unaolingana zaidi na mahitaji ya tawi dogo. Si fedha za kujenga jengo jipya. Ni fedha za paa, mtambo wa joto, choo kinachofikika na njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ionekane wazi. Tawi moja lina ukumbi unaohitaji paa jipya kwa dola 60,000, njia ya mteremko pamoja na vyoo kwa dola 35,000, na mtambo wa kupasha joto kwa dola 25,000. Jumla ni dola 120,000. Tawi lina akiba ya dola 18,000.

Tuseme mji wake unastahili ruzuku ya asilimia 35. Serikali inatoa dola 42,000. Zinabaki dola 78,000. Ukitoa akiba yote ya tawi, zinabaki dola 60,000 za kukopa. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 4 unadai takriban dola 4,415 kila mwaka.

Je, ukumbi utazipata wapi? Ikiwa kila harusi inayokodisha ukumbi inaacha dola 250 baada ya kulipa usafi, umeme na mlinzi, tawi linahitaji kukodisha mara 18 kwa mwaka ili kulipa mkopo peke yake.

Lakini paa nalo linazeeka. Likidumu miaka 25, tawi linatakiwa kuweka akiba ya dola 2,400 kila mwaka ili paa lijalo lisiwe ombaomba kama hili. Hizo ni harusi nyingine 10. Jumla ni mara 28 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili kila mwezi, kabla ya kununua hata balbu moja.

Sasa tubadilishe. Mji ni mdogo na maskini, unastahili asilimia 75. Ruzuku ni dola 90,000. Baada ya akiba ya tawi, mkopo ni dola 12,000 tu, na malipo yake hayafiki dola 900 kwa mwaka. Harusi nne zinatosha. Ukiongeza zile 10 za akiba ya paa, ni mara 14.

Inaonekana nafuu, lakini mji wenye watu wasiozidi 5,000 wenye kipato kidogo una harusi chache, tena bei ya ukumbi haiwezi kupanda. Ruzuku inakuwa kubwa pale ambapo mapato ya ukumbi ni madogo. Kwa hiyo swali kwa kamati haliishii kwenye asilimia ngapi serikali itatoa. Kamati ijiulize kwanza ukumbi wake unakodishwa mara ngapi kwa mwaka leo, kabla ya ukarabati. Kamati isiyokuwa na daftari la kujibu swali hilo haijawa tayari kuomba.

Wanapokwama

Masharti ya ruzuku yana mantiki yake, ila huwakwamisha wengi. Yapo matano ya kuangaliwa.

La kwanza ni umiliki. Serikali haitaki kuezeka jengo la mtu mwingine. Tawi linatakiwa kuwa na hati ya umiliki au mkataba wa pango wa muda mrefu. Tatizo ni kwamba kiwanja kilichotolewa na mwanakijiji mwaka 1947 huenda bado kimeandikwa kwa majina ya wadhamini ambao wote wamefariki. Kurekebisha hati kunahitaji wakili na muda, na muda ndio ambao tangazo la maombi halina.

La pili ni usajili. Anayeomba fedha za serikali kuu hutakiwa kuwa na namba ya utambulisho inayotolewa kupitia mfumo wa serikali wa intaneti, utaratibu ulioanza kutumika Aprili 2022 badala ya namba ya zamani iliyotolewa na kampuni binafsi. Jina la tawi kwenye usajili likitofautiana kidogo na lililo kwenye hati ya kodi, maombi hukaa yakisubiri ufafanuzi.

La tatu, na ndilo zito, ni kulipa kwanza. Ruzuku nyingi za ujenzi hulipwa kwa kurejesha: tawi linamlipa mkandarasi, linapeleka risiti, kisha serikali inarudisha. Chama chenye dola 18,000 benki kinawezaje kutanguliza dola 42,000? Wanaofanikiwa huzungumza na benki ya mjini kabla ya kuomba, wakapata mkopo wa muda mfupi wa kuvukia, na riba yake wakaiingiza kwenye bajeti. Wasiofanya hivyo hupata barua ya ushindi ambayo hawawezi kuitumia.

La nne ni kuanza mapema. Katika mipango mingi kazi iliyofanyika kabla ya makubaliano kusainiwa hairejeshewi fedha. Paa likivuja vibaya mwezi wa Februari na kamati ikaamua kuliezeka kwa dharura, imejitoa yenyewe kwenye foleni. Kinachoruhusiwa ni kufunika kwa turubai na kusubiri, jambo ambalo ni gumu kuwaeleza wanachama waliokaa chini ya ndoo.

La tano ni viwango. Sheria ya mwaka 1973 inakataza mpokeaji yeyote wa fedha za serikali kuu kumtenga mtu mwenye ulemavu, na viwango vya ujenzi vilivyofuata sheria ya mwaka 1990 viko wazi. Njia ya mteremko inatakiwa iwe na urefu wa mita 12 kwa kila mita moja ya kupanda, au zaidi. Mlango ukifunguliwa uache nafasi ya sentimita 81. Kwa maneno mengine, ngazi tano zenye kimo cha sentimita 90 kwa pamoja zinahitaji mteremko wa karibu mita 11, bila kuhesabu sehemu za kupumzikia. Fundi wa mtaani atakayeweka ubao wa mita tatu atakuwa amejenga kitu kisicholipwa, tena kinachomwangusha mzee.

Ruzuku isicholipa

Hadi hapa tumezungumzia matofali. Lakini kumbi nyingi hazifungwi kwa sababu ya matofali. Zinafungwa kwa sababu ya bili.

Ruzuku ya majengo hulipa kitu unachoweza kukigusa miaka kumi baadaye. Hailipi umeme, bima, mshahara wa mfagiaji wala deni la zamani. Ni kanuni nzuri kwa mlipa kodi, maana fedha za ujenzi zikiruhusiwa kulipa bili, zitaisha na paa litabaki linavuja. Hata hivyo kanuni hiyo inaacha pengo, na pengo hilo lilionekana waziwazi nchini Kanada mwaka 2020.

Kanada ina Royal Canadian Legion, chama chenye matawi zaidi ya elfu moja. Kila Novemba wanachama wake hukusanya michango kwa maua mekundu ya kuvaa kifuani, lakini kanuni za chama hicho zinataka fedha za maua zisaidie maveterani na familia zao, wala zisiendeshe majengo. Majengo hujitegemea kwa baa, chakula na kukodisha. Janga la UVIKO-19 lilipofunga mikusanyiko, mapato hayo yalikatika ghafla huku bima na umeme vikiendelea kudai.

Mwezi Novemba 2020 serikali ya Kanada ilitangaza mfuko wa dharura wa dola milioni 20 za nchi hiyo kwa vyama vya maveterani, ambapo dola milioni 14 zilikwenda kwa Legion. Tofauti na ruzuku za ukarabati, fedha hizo zililenga gharama za kuendesha. Zilikuwa za mara moja, kwa ajili ya janga. Hakuna serikali inayoahidi kulipa bili ya umeme ya ukumbi kila mwaka, na wala haitakiwi.

Somo lake ni kwamba ukumbi uliokarabatiwa vizuri unaweza kufungwa na bili ndogo kuliko paa lake. Njia ya kujikinga ni ya kawaida kabisa: ukarabati wenyewe uchaguliwe kwa kuangalia bili. Fedha zikiwa chache, mtambo wa joto usiokula mafuta mengi na dari lenye kizuizi cha baridi vinastahili kutangulizwa mbele ya jiko la kupendeza, kwa sababu vinapunguza gharama kila mwezi. Njia ya mteremko nayo si sadaka kwa walemavu tu. Ukumbi usio na njia hiyo haukodishwi na familia yenye bibi anayetumia kiti cha magurudumu, na ni harusi gani isiyokuwa na bibi?

Watakaokaa chini ya paa jipya

Paa likidumu miaka 25, nani atakuwa chini yake?

Sensa ya mwaka 2000 ilihesabu askari wa zamani wapatao milioni 26 nchini Marekani. Kufikia miaka ya 2020 walikuwa wameshuka chini ya milioni 18. American Legion, iliyokuwa na wanachama milioni 3.3 mwaka 1946, sasa ina chini ya milioni 2. Askari kijana aliyerudi kutoka Iraq au Afghanistan ana watoto wadogo, ana kazi mbili, na hana muda wa kukaa baa na wazee. Mwaka 2019 sheria ya uanachama wa Legion ililegezwa ili mtu yeyote aliyetumikia jeshi kwa heshima tangu Desemba 7, 1941 aweze kujiunga. Mlango ulifunguliwa kisheria, ingawa ngazi zilibaki.

Miongoni mwa vijana hao wapo wenzetu. Mwaka 2009 jeshi la Marekani lilianza mpango wa kuwaandikisha wageni wenye ujuzi wa lugha zilizohitajika, Kiswahili kikiwa mojawapo, na wakapewa njia ya haraka ya uraia. Mpango ulisimamishwa mwaka 2016, lakini walioingia wengi wao sasa ni maveterani wenye haki sawa na mzee wa Vietnam: ya kumwona afisa huduma, ya kupiga kura kwenye tawi na ya kuzikwa kwa heshima. Waafrika Mashariki walioko ughaibuni wanajua thamani ya ukumbi wa bei nafuu, kwa harusi, matanga na michango. Tawi linalowakaribisha kama wapangaji leo linaweza kuwapata kama wanachama kesho.

Kwa sababu hiyo, kamati inayoandika maombi ya ruzuku inatakiwa ijibu maswali matatu kabla ya kugusa fomu. Ukumbi ulikodishwa mara ngapi mwaka jana, na kila mara uliacha kiasi gani? Nani chini ya umri wa miaka 50 atakuwa mhazini baada ya huyu wa sasa? Ni kiasi gani kitawekwa kando kila mwezi kwa ajili ya paa lijalo, na nani atakaposhika kitabu hicho akaguliwe na nani?

Majibu hayo yakiwepo, ruzuku inakuwa mbolea kwenye shamba lililolimwa. Yasipokuwepo, ni mbolea iliyomwagwa kwenye pori: majani yatastawi msimu mmoja, kisha mwenye shamba atauza. Na ukumbi wa askari ukiuzwa, kijiji hakipotezi baa peke yake. Kinapoteza chumba cha nyuma alipoketi afisa huduma, na mzee wa shambani anarudi kusafiri kwenda mjini, au anaamua kuacha madai yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Serikali inaweza kusaidia kujenga ukuta mara moja. Kuziba ufa ni kazi ya kila Ijumaa, na inaanzia jikoni, kwenye sahani ya samaki iliyoandikwa bei yake na kuingizwa kitabuni.